Mayai ya Jumatano

Jumatatu, 3 Machi

Kadi imefika. Nimeipokea mwenyewe getini kabla Shemeji hajashuka kwenye baiskeli yake. Boksi ni jepesi, lakini nimelibeba kwa mikono miwili na kupita nalo mbele ya wapangaji wote wa mayai, polepole, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wameacha kazi wakatazama. Mwanzo mzuri.

Niandike kwa mpangilio, maana shajara isiyo na mpangilio ni porojo. Kituo chetu kinapokea mayai kutoka mashamba ya kuku. Mayai yanapita kwenye mkanda, taa inayamulika kwa chini, kamera inayapiga picha, na seva iliyo katika chumba cha mashine inaamua: hili zima, hili lina ufa, hili viza. Yaliyo mazima yanagongwa muhuri wa tarehe na kuingia kwenye trei. Shida ni seva. Inafikiri mno. Kila yai inalikagua kama mama anayemkagua mchumba wa binti yake. Mkanda unajikokota. Sasa kadi hii ya kasi itazitazama picha kwa niaba ya seva, na mkanda utakimbia.

Mkurugenzi, mama mfupi mwenye sauti ndefu, ametuita mimi na Shemeji ofisini. Amesema chumba cha mashine kinataka msimamizi mmoja, si wanaume wawili wanaoviziana kama majogoo. Atamtangaza Jumanne ya wiki ijayo, mbele ya Mama Mikate, mwenye kiwanda cha mikate, ambaye anakuja kuutazama mkanda kabla ya kukubali kununua mayai yake yote kwetu. Atakayeifanya kadi ifanye kazi ndiye msimamizi.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi. Kushika bisibisi nilimfundisha mimi. Akiwa msimamizi, itabidi nimwombe yeye ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Jambo hilo halitatokea nikiwa hai, na jino nitaacha lioze.

Jumanne, 4 Machi

Seva haiioni kadi. Nimeichomeka barabara, taa zake zinawaka kwa madaha, lakini seva inapita kana kwamba hakuna aliyeingia ndani.

Sababu naijua. Mfumo wa seva yetu ni Linux iliyokondeshwa. Walioitengeneza wameondoa kila kitu ambacho seva inaweza kuishi bila hicho, na wakaondoa na vingine viwili vitatu kwa kufurahia kuondoa. Hakuna pa kuandikia. Ukijaribu kuweka faili unaambiwa hapa hapaandikiwi. Mfumo unaletwa mzima na unabadilishwa mzima, kama shati: huongezi mfuko, unavua lote na kuvaa jingine. Draiva ya kadi ni moja ya vitu walivyoviacha nje.

Nyumbani Mama Mkwe ameuliza draiva ni nini. Nimemweleza kwamba kadi na seva hazielewani lugha, na draiva ni mkalimani anayekaa katikati. Akauliza kwa nini kadi isijifunze lugha ya wenyeji kama yeye alivyojifunza kuishi na mimi. Mke wangu amecheka mpaka akaweka kijiko chini. Shemeji pia alikuwepo. Yuko mezani kwetu kila Jumanne, na anakula kama aliyetumwa.

Huyo naye ana mpango wake. Amesoma maelekezo. Yote. Mke wangu anasema ana ugonjwa huo tangu utotoni. Anasema mkalimani lazima atengenezwe kwa ajili ya toleo lile lile la kiini cha mfumo, tofauti hata ya nukta moja anakataliwa mlangoni. Kwa hiyo amewaandikia watunzaji wa mfumo wamtengenezee mkalimani wa toleo lijalo; akimpata ataandika mstari mmoja katika mipangilio ya seva, seva itajiwasha upya, na mkalimani ataamka pamoja nayo, leo na siku zote. Nimemuuliza itachukua muda gani. Akasema siku chache, shem, tusubiri.

Tusubiri. Anayesubiri meli ambayo hamjui nahodha wake, huyo ni mwendawazimu. Mimi nina njia ya mkato.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshinda. Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo mwandiko huu usinihukumu.

Mfumo huu mkavu unakubali jambo moja: kuendesha kontena, yaani kibanda kidogo chenye programu ndani. Nikajenga kibanda. Nikakipa mamlaka yote, hata yale ambayo mfumo uliniuliza mara mbili kama nina hakika. Ndani yake nikamficha mkalimani wa toleo hili tulilo nalo. Nikakiwasha kwa mkono wangu, na kibanda kikamsukuma mkalimani moja kwa moja ndani ya kiini, mfumo ukiwa mbioni. Seva ikashtuka. Ikaiona kadi. Ikasema, kwa herufi ndogo za kijani, kwamba kifaa kipo tayari.

Mkanda ukaruka. Mayai yalikuwa yanapita kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Bi Trei, mkuu wa wapangaji, alipiga ukelele kwamba ana mikono miwili tu na wa tatu hakuzaliwa nao. Trei zikajaa, zikapangwa sakafuni, zikapangwa juu ya meza ya chai. Mkurugenzi alikuja akasimama, mikono kiunoni, akatabasamu. Sijawahi kuyaona meno yake ya pembeni.

Shemeji ameniuliza, kwa upole wake ule unaokera, kama draiva itabaki seva ikizimwa. Nimemwambia kazi yangu haizimwi. Jibu zuri, nilidhani. Kisha nikarudi kwenye skrini nikasoma.

Kwanza: seva ikizimwa, kibanda changu kinayeyuka na mkalimani wake. Hilo nililijua, nililipuuza tu. Pili: mfumo umepangiwa kujisasisha wenyewe kila Ijumaa. Utavua shati, utavaa jipya, utajiwasha upya. Kiini kipya. Mkalimani wangu ataambiwa hatukujui.

Jumanne ya Mama Mikate iko upande wa pili wa Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mapambano, na nimeshinda mara mbili.

Asubuhi fundi umeme amekuja kubadilisha swichi ya taa ya choo. Akasema atakata umeme wa jengo zima dakika chache tu. Nikamwambia kuna yai nyeti kwenye mkanda. Akauliza yai nyeti ndilo yai gani. Nikamwambia hilo ni suala la kitaalamu. Hatimaye amekubali kurudi wiki ijayo, kwa trei moja ya mayai na ahadi ya nyingine. Sasa choo kiko gizani. Watu wanaingia wakiimba ili ijulikane kuna mtu. Bi Trei ana sauti ya kwanza, Shemeji ya pili.

Ushindi wa pili ni mkubwa zaidi, na umenijia wakati naimba.

Sasisho linakuja Ijumaa. Seva inajuaje ni Ijumaa? Inatazama saa yake. Basi Ijumaa isifike. Nimeingia kupitia kibanda changu chenye mamlaka, nikaikata seva isiulize saa mtandaoni, nikairudisha nyuma hadi mwanzo wa jana. Kwa seva, leo ni Jumatano. Kesho asubuhi itakuwa inajiandaa kuifikia Alhamisi, nami nitaingia na kuirudisha Jumatano. Na keshokutwa vivyo hivyo. Haitakaa iione Ijumaa. Wenzangu wanabishana na mfumo. Mimi nimebishana na kalenda.

Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha mashine mpaka Shemeji akachungulia kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna kasoro ndogo. Muhuri wa mayai unachukua tarehe kutoka kwenye seva.

Bi Trei ndiye aliyegundua. Amekuja na yai mkononi, akalishika mbele ya pua yangu kama hakimu anayeshika ushahidi. Yai limeandikwa Jumatano, 5 Machi. Akasema yeye si msomi sana lakini leo ni Ijumaa, na jana mayai yaliandikwa hivi hivi. Nikafikiri kwa kasi ya kadi yenyewe. Nikamwambia hiyo ni tarehe kadi ilipoanza kazi. Tunaiweka kwenye mayai kwa wiki moja kama ukumbusho. Akasema mumewe hakumbuki hata siku waliyooana, na hapa mashine inafanyiwa ukumbusho kwenye mayai ya watu. Akaondoka akitikisa kichwa. Lakini aliondoka.

Jioni ripoti ya wiki ikachapishwa. Hapo nilitaka kukimbia, maana seva imeandika mayai ya jana na ya leo yote katika Jumatano. Jumatano: mlima. Alhamisi: sifuri. Ijumaa: sifuri. Mkurugenzi alinifuata na karatasi mpaka chumbani, na nyuma yake Shemeji. Nikapiga moyo konde. Akaniuliza hii ni nini.

Nikamwambia kadi ina kasi kubwa kiasi kwamba siku ya Jumatano ilimaliza kazi ya Alhamisi na Ijumaa pia.

Mkurugenzi aliitazama ripoti tena, na nikaona ile furaha ikimpanda taratibu kutoka shingoni. Akasema, kwa hiyo kwa siku moja tunaweza kupanga mayai yote haya. Nikasema ndiyo, mama. Akasema Mungu akubariki. Akaniita "mwanangu". Huyu mama hajawahi kumwita mtu mwanangu, hata wanawe anawaita kwa majina kamili.

Shemeji alibaki nyuma. Akasema, "Shem, lakini jana mimi niliyaona mayai yakipita." Nikamwambia macho yanachoka. Akasema amepata draiva yake kutoka kwa watunzaji, ya toleo jipya, anaomba tu tuiwashe upya seva mara moja aijaribu. Nikamwambia si leo.

Jumapili, 9 Machi

Mashine hazina wikendi. Jana niliingia kituoni asubuhi nikaitengeneza Jumatano, nikarudi nyumbani. Leo pia nilitakiwa kwenda, lakini leo kituo kimefungwa na nyumbani kuna macho.

Nilipomwambia mke wangu nakwenda kuisalimia seva, alikunja uso. Akasema mwanaume anayetoka nyumbani Jumapili na shati lililopigwa pasi haendi kuisalimia seva. Nikamwambia shati nililipiga pasi jana. Mama Mkwe, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anauchambua, akasema seva siku hizi zina bahati. Wakaamua baina yao kwamba Shemeji anisindikize. Yeye alikuwa anakula. Akainuka na kiazi mkononi.

Tulitembea naye njia nzima. Kusema kweli si mtu mbaya. Ananichekesha. Alinieleza jinsi mama yake anavyomsimulia kila jirani kwamba mimi, mkwewe, nimefundisha mashine kufanya kazi ya kesho. Nilivimba kidogo. Kisha akaniuliza kama nitamkasirikia akichaguliwa yeye. Nikamwambia hawezi kuchaguliwa. Akasema, "Lakini nikichaguliwa?" Nikamwambia mtu hatayarishi miwani kabla ya kuugua macho.

Ndani, tatizo: skrini ilionyesha seva inakaribia kuimaliza Jumatano yake, na Shemeji amesimama bega kwa bega nami. Akasoma kwa sauti. Akasema, shem, hii seva inadhani ni Jumatano. Nikamwambia wewe nenda kasikilize kama feni ya nyuma inakwaruza. Akaenda kusikiliza. Nikarudisha saa. Akarudi akasema feni haikwaruzi, na mbona sasa seva imerudi mwanzo wa Jumatano. Nikamwambia ndiyo dalili ya feni nzima.

Alicheka sana, nikadhani ameamini. Alipomaliza kucheka akaomba tena kuiwasha upya. Nikamwambia shem, mficha uchi hazai, lakini wewe unautembeza barabarani. Sikujua nilichomaanisha. Yeye pia hakujua. Tukaenda nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Maji yamezidi unga.

Mkurugenzi amemwahidi Mama Mikate kwa simu kwamba kesho, mbele ya macho yake, tutapanga mayai ya siku moja kwa kiwango cha Jumatano. Jumatano yangu. Ile yenye siku tatu ndani yake. Na amesema Mama Mikate hana subira na watu wanaopunguza maneno yao: mayai yakipungua, anatafuta kituo kingine, nasi tutafute kazi nyingine. Kisha akanigonga bega akasema nimeshaandaliwa kibao cha mlangoni, bado jina tu.

Kibao. Nimekwenda kukitazama. Ni cha mbao, kimesuguliwa vizuri.

Mashamba hayawezi kuleta mayai ya siku tatu kwa siku moja, kuku hawashauriki. Nimepiga hesabu, nimezunguka chumba, nimeimba chooni. Jibu limekuja. Mayai yapite kwenye mkanda, yaingie kwenye trei, trei zitoke kwa mlango wa nyuma, zizunguke jengo, zirudi kwenye mkanda kwa mlango wa mbele. Seva itahesabu kila yai kama jipya. Mama Mikate atakaa kwenye kiti karibu na kamera na kuona mto wa mayai usiokauka.

Nimemwendea Bi Trei. Nikamwambia ni zoezi la mzunguko. Akauliza zoezi la nani, letu au la mayai. Nikamwambia la wote. Akasema wapangaji wake watazunguka jengo na trei kama vichaa kwa sharti moja tu, kwamba choo kipate taa. Nimempa tochi yangu. Amesema ni ndogo, lakini amekubali.

Nyumbani nilikuwa mchangamfu mno. Mama Mkwe akanitazama akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia mama, huu ni mkanda, hauna ukingo, unazunguka. Akasema haya, baba. Mke wangu naye akaongeza kwamba nikishindwa nisimnunie mdogo wake. Nikamwambia maneno hayo amwekee mdogo wake.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika na kufuta. Niandike tu.

Mama Mikate alifika mapema. Mama mnene, mtaratibu, macho kama mzani. Akaketi karibu na kamera. Mkanda ukakimbia. Mayai yakamiminika. Kwa nyuma niliona wapangaji wakipita dirishani na trei kichwani, wakiwa mbio, na Bi Trei akiongoza kama mkuu wa gwaride. Mkurugenzi alikuwa anang'aa. Namba kwenye skrini ilikuwa inapanda kama moto wa nyasi, na mimi nilisimama pembeni nimefunga mikono kama mtu asiye na la ziada la kufanya duniani.

Kisha Mama Mikate akanyoosha mkono, akachukua yai moja kutoka mkandani. Akaligeuza. Akaligeuza tena. Akaomba miwani yake.

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yai hili lina mihuri minne.

Mkurugenzi akasema haiwezekani. Mama Mikate akampa. Ilikuwa minne kweli, imezunguka yai kama mkufu, na yote ilisema Jumatano, 5 Machi. Akachukua jingine: mihuri mitatu. Akauliza kama kuku wetu hutaga siku moja tu kwa wiki, kisha wakapumzika. Dirishani Bi Trei alipita tena na trei, safari hii akipunga mkono.

Mkurugenzi alinigeukia. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko sauti. Akaniambia nirekebishe tarehe ya mashine. Sasa hivi, mgeni akiona. Nikasema mama, tarehe ni jambo la kiufundi. Akasema, "Baba, leo ni Jumanne. Iandike Jumanne."

Nilikwenda. Nilitembea polepole niwezavyo. Nikairudishia seva saa yake ya kweli.

Seva ilikaa kimya kidogo, kama mtu aliyeamka usingizini kwenye basi na kukuta kituo chake kimepita. Ikagundua kwamba Ijumaa imepita bila kusasishwa. Ikaandika kwamba inasasisha sasa. Nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Ikavua shati mbele ya wageni. Skrini ikawa nyeusi. Mkanda ukasimama na yai moja limening'inia ukingoni, halikuanguka, halikurudi. Seva ilipowaka tena, kiini kipya, kibanda changu hakipo, mkalimani wangu hayupo. Mkanda ukaanza kujikokota. Yai likatazamwa. Likatazamwa tena. Mama Mikate akatazama saa yake ya mkononi.

Nikasema ni hali ya mpito.

Shemeji akaja akasimama kando yangu. Hakuniuliza mbele yao. Aliniuliza kwa chini, "Shem, niweke?" Ningesema hapana. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema hapana. Lakini Mkurugenzi alikuwa na masikio, akasema weka. Shemeji akaandika mstari wake mmoja kwenye mipangilio, akaambatanisha draiva yake ya toleo jipya, akaiwasha seva upya. Tukangoja wote kama watu wanaosubiri mtoto wa jirani asome risala. Herufi ndogo za kijani zikaja. Kifaa kipo tayari. Mkanda ukaruka.

Kisha, mbele ya macho yangu, akaizima seva kabisa na kuiwasha tena, kwa makusudi, kumwonyesha Mama Mikate. Ilinichoma kama ameizima roho yangu. Ikarudi. Mkanda ukaruka tena. Mayai yakaandikwa Jumanne.

Bi Trei akaingia kuuliza kama zoezi limekwisha, maana wapangaji wake wanahema.

Mama Mikate alicheka kwanza, kicheko cha tumbo, akalishika tumbo lenyewe. Akasema kwa miaka yake yote hajawahi kuona yai lililozunguka jengo mara nne. Akasema ya mihuri mingi atayachukua pia, yeye huyavunja, na muhuri hutupwa na ganda. Lakini kuanzia kesho apelekewe kiwango ambacho kuku wanaweza, si ambacho mafundi wanaweza. Mkurugenzi akasema ndiyo, mara nyingi.

Kibao kimeandikwa. Jina si langu.

Nyumbani Mama Mkwe ametupikia sote, kwa uzuri wa kupita kiasi, na hakusema neno hata moja. Mke wangu aliniwekea nyama kubwa. Hapo ndipo nilipojua nimeshindwa kweli. Shemeji alikuja, akala, na alipoondoka akaniambia kazini nimwite vyovyote nitakavyo. Nikamwambia nitamwita Msimamizi. Akaona haya, akaangusha uma.

Jumatano, 12 Machi

Jumatano ya kweli. Nimeipokea kwa heshima.

Fundi umeme amekuja, umeme ukakatwa, seva ikazimika, ikawaka, hakuna aliyekufa. Choo kina mwanga na kimya kimetanda. Baadhi yetu tumeshazoea kuimba.

Msimamizi ameniita ofisini kwake, yaani kwenye kiti cha pili cha chumba kile kile. Nilidhani ananipeleka kufuta mihuri. La. Mkanda wa pili unafungwa wiki hii, una seva yake na kadi yake mpya, na anataka niiandae mimi. Amesema hakuna aliyeweza kumwingiza mkalimani ndani ya kiini kinachokimbia isipokuwa mimi, na kipaji hicho kisipotee. Nilitazama dirishani mpaka macho yakakauka. Akanipa karatasi ya maelekezo, mistari mitatu. Weka draiva. Andika mstari. Iwashe upya. Akaniomba, tafadhali shem, kwa mpangilio huo.

Nimeisoma karatasi. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu. Na leo, nikiwa nimetulia, nimeliona wazi kosa langu la wiki iliyopita. Nashangaa sikuliona mapema.

Nilichagua Jumatano. Jumatano ni siku ya kazi. Watu wako macho, mihuri inasomwa, ripoti inachapishwa. Ni siku gani ambayo kituo kimefungwa, hakuna mpangaji, hakuna ripoti, na Mkurugenzi hayupo?

Seva ya pili nimeiwasha mchana. Kadi imeitika mara moja kupitia kibanda changu, bila kuwasha upya kitu chochote. Mashine inakimbia kama imepakwa mafuta. Nimeirudisha saa hadi Jumapili, na hapo itabaki, wiki baada ya wiki, kwa amani. Jumapili hakuna yai linalopangwa. Nani atagundua?